Sikio Halitoshi: Kumbukumbu za Mwongoza Ndege

Mwaka 1974 nilikuwa Embakasi, nje kidogo ya Nairobi, nikisomea uongozaji wa ndege katika shule ya usafiri wa anga iliyokuwa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Darasa letu lilikusanya vijana wa nchi zote tatu: Waganda wa Entebbe na Jinja, Wakenya kuanzia Kisumu mpaka Mombasa, na sisi Watanzania, mimi nikiwa mtoto wa Tanga. Kila mmoja wetu alikuwa bingwa wa Kiingereza katika shule aliyotoka. Ndiyo sifa iliyotupatia nafasi, na hatukuficha majivuno yetu.

Siku hizo Kiingereza hakikuwa lugha tu. Aliyekizungumza bila kukwama alihesabiwa msomi hata kama kichwani hamna kitu, na aliyeomba arudiwe sentensi alionekana mshamba. Tulilelewa hivyo. Mwalimu akisema jambo usilolisikia vizuri, unatikisa kichwa, unaitikia "yes sir", halafu unamnong'oneza jirani yako. Nalitaja hilo mapema kwa sababu tabia hiyo iliwasumbua wakufunzi wetu kuliko matamshi yetu yote.

Mkufunzi wa redio alikuwa Mwingereza wa makamo, mkavu wa maneno, aliyeanza kazi minarani muda mfupi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Katika kipindi cha kwanza alileta spika kuukuu, akaiunganisha na redio iliyokuwa ikikoroma, akatoka nje na kipaza sauti. Kazi yetu ilikuwa kuandika kila neno tunalolisikia. Maneno yalikuja moja moja, polepole, kwa matamshi safi ya kwao. Aliporudi alikusanya karatasi akaanza kuzisoma. Kwa sauti ile ile, mmoja ameandika "wait", yaani ngoja, mwingine "weight", uzito. Mmoja ameandika "no", hapana, na jirani yake "know", kujua. Palipo na "not" ya kukanusha, mwingine kaweka "knot", kipimo cha mwendo wa upepo na wa ndege. "Right" na "write" ziligawana darasa nusu kwa nusu. Hivyo hivyo "mist", ukungu mwepesi, na "missed", kukosa.

Tukaanza kubishana nani kapata. Alituacha mpaka tukachoka, kisha akasema wote tumepata na wote tumekosa. Hata mama yake mzazi, aliyezaliwa na kuzeekea Uingereza, asingeweza kuyatenganisha maneno yale kwa kuyasikia tu, kwa sababu kwa kusikia hayana tofauti. Tofauti yake iko kwenye karatasi, na rubani aliye angani hawezi kuiona karatasi yako.

Tulitegemea sasa atatufundisha namna ya kuyatambua. Walimu wetu wote wa nyuma walifanya hivyo: imla, sentensi za mfano, mazoezi ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Yeye alichora mstari katikati ya ubao. Upande wa kushoto akaandika maneno yale mapacha, na upande wa kulia mengine yasiyofanana nayo hata kidogo. Mbele ya "wait" akaweka "stand by". Mbele ya "no" akaweka "negative". Mbele ya "right" ya kumaanisha sawasawa akaweka "correct", ili "right" ibaki na kazi moja tu, mkono wa kulia. Rubani anayepaswa kuacha kutua na kupaa tena asielezwe habari ya "missed", aambiwe "go around", azunguke upya. Alipomaliza alichukua kifutio akafuta upande wa kushoto wote. Maneno yale, alisema, yanafaa kwa barua za nyumbani.

Nimeifikiria sana asubuhi ile. Miaka yote ya shule tuliambiwa kwamba dawa ya maneno yanayofanana ni kulizoeza sikio. Watu wa anga walikuwa wameshachoka kulizoeza sikio. Walichofanya ni kuyafukuza maneno.

Hata "ndiyo" ilikuwa na kisa chake. Neno la redioni lilikuwa "affirmative". Lakini kipaza sauti kina kitufe, na watu wengi huanza kusema kabla kitufe hakijabonyea vizuri. Mwanzo wa neno unakatika, kinachomfikia mwenzako ni mkia wake tu. Sasa "negative" nayo ina mkia huo huo, hivyo ndiyo na hapana zikawa zinafika masikioni zikiwa na sura moja. Miaka ya baadaye neno lilikatwa likabaki "affirm", na sehemu kubwa ya dunia inalitumia hivyo, ingawa Wamarekani wameendelea na lile refu.

Herufi nazo zina mapacha wake. Katika Kiingereza, B, D, E, G, P na T zote zinaishia kwa sauti moja, na redio mbovu haiachi kitu zaidi ya sauti hiyo. Kwetu lilikuwa jambo la kila saa, maana ndege hutambulishwa kwa usajili wake: 5H kwa Tanzania, 5X kwa Uganda, 5Y kwa Kenya, halafu herufi tupu. Ndiyo maana tangu mwaka 1956 marubani wa dunia nzima wanatumia Alfa, Bravo, Charlie na kuendelea. Maneno yale hayakuokotwa ovyo. Yalijaribiwa kwa wasemaji wa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania, yaliyochanganya watu yakatupwa. "Alfa" imeandikwa kwa f ili asiyejua Kiingereza asiisome "alpa", na "Juliett" imeongezewa t ya pili ili Mfaransa asiimeze ile ya mwisho.

Hakuna aliyeyajaribu kwa Waswahili, lakini tulikuta zawadi humo ndani. P ni "Papa", L ni "Lima", T ni "Tango". Mtu wa pwani akisikia "Papa Lima Tango" anamwona papa kavuka ufuko, yuko shambani na jembe. Kwa wiki kadhaa hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu bwenini, na mkufunzi hakuelewa kamwe tulikuwa tunacheka nini.

"Lima" ilinifundisha jambo lingine. Tulikuwa na Mganda mmoja, hodari wa hesabu kuliko sisi sote. Katika Kiganda, r na l ni kama sauti moja inayobadilika kufuatana na irabu iliyotangulia, kwa hiyo "right" na "light" kinywani mwake zilikuwa kitu kimoja. Wengine tulimcheka. Lakini mkufunzi hakumsahihisha hata siku moja alipotamka "Rima". Tulipomuuliza sababu, alituambia tumtafutie herufi nyingine inayoitwa Rima. Haikuwapo. Neno lilikuwa limechaguliwa likiwa mbali na mengine yote, kiasi kwamba hata likipindishwa haligongani na jingine. Yule bwana alikuja kuwa mwongoza ndege mzuri, na l yake haikubadilika mpaka mwisho.

Tulifundishwa kuhesabu upya kama watoto wa darasa la kwanza. Sisi wa pwani tuliozoea thelathini na themanini tuliiweza "three", wenzetu waliosema selasini walitoa "sirii". Amri ilikuwa kwamba wote, Mwingereza akiwemo, tuseme "tree", kama mti. "Four" ilipasuliwa ikawa na silabi mbili, "fower", ili isifanane na "for". "Five" na "nine" zina irabu moja katikati, kwa hiyo ya kwanza ikawa "fife" na ya pili ikaongezewa mkia ikawa "niner". Ilitufurahisha kumsikia mzawa wa Kiingereza akilazimishwa kusema "tree" na "fower" kwa sababu yetu sisi tuliojifunza ukubwani. Lakini namba mbili haikuguswa. "Two" ilibaki vile vile, na pacha wake "to", yaani hadi, alibaki kando yake katika kila agizo la kupanda au kushuka.

Kulikuwa na saa pia. Mswahili huhesabu kuanzia macheo, Mzungu kuanzia usiku wa manane, na ndege zote za dunia hufuata saa za Greenwich. Saa tisa mchana ya mama yangu ni kumi na tano ya ratiba ya serikali na kumi na mbili ya mnarani. Ukitoka kazini umechoka, swali la saa ngapi lilikuwa mtihani.

Tarehe 3 Septemba mwaka ule ule wa 1974 masomo haya yaliacha kuwa ya ubaoni.

Uwanja wa Embakasi uko futi 5,327 juu ya usawa wa bahari. Boeing 747 ya Waingereza ilikuwa inakuja kutua. Iliagizwa ishuke hadi futi 7,500, na kwa desturi ya wakati ule zilitajwa namba moja moja: "seven five zero zero". Ndani ya ndege wakasikia "five zero zero zero", yaani 5,000, wakairudia hivyo redioni, na marudio yale yakapita bila kusahihishwa. Fanya hesabu mwenyewe. Futi 5,000 ni chini ya ardhi ya uwanja kwa zaidi ya futi 300. Waliomo walikuwa wanashuka kwa utulivu kuelekea mahali palipo ndani ya udongo. Ilipochomoza chini ya mawingu ardhi ilikuwa imeshawafikia. Rubani aliivuta juu, na uchunguzi ulionesha kwamba pale ilipofika chini kabisa ilibakiza kama futi 70 tu. Mkia wenyewe wa Jumbo, kama tulivyoiita 747, ikiwa imeegeshwa, una kimo cha futi 63.

Sisi wanafunzi hatukuwa mnarani. Habari zilitufikia kantini kabla hazijafika darasani, zikiwa zimeongezewa chumvi ya kutosha. Ndege ile ilitua salama baadaye, hakuna aliyekufa, kwa hiyo mjini watu waliisahau haraka. Novemba 20 ya mwaka huo Jumbo ya Lufthansa ilianguka mara baada ya kuruka kutoka uwanja ule ule, watu 59 wakafa, ikawa ajali ya kwanza ya 747 kuua. Mpaka leo nasikia wazee wa Nairobi wakiyachanganya matukio hayo mawili. Ile ya Novemba haikuhusu maneno, ilihusu vibao vya mbele ya mbawa vilivyokuwa havijafunguka. Iliyotukaa sisi moyoni ni ile ambayo haikuua.

Mkufunzi hakusema nani wa kulaumiwa. Aliandika ubaoni 7500 na 5000, akatutaka tuzisome kwa sauti, haraka, namba moja moja. Baada ya mara kadhaa tuliisikia wenyewe: zote mbili zina "five zero zero" ndani yake. Sikio lilidaka kipande hicho, lile "seven" la mwanzo likazama katika mkoromo wa redio, na akili ikajaza pengo kwa sifuri nyingine. Ukumbuke pia kwamba waliokosea kusikia walikuwa wazawa wa lugha yenyewe. Hapakuwa na Mswahili wa kusingiziwa matamshi.

Kuanzia hapo tulifanya zoezi moja kila asubuhi. Tulikaa wawili wawili, tumepeana migongo. Mmoja anatoa agizo, wa pili analirudia neno kwa neno, wa kwanza anasikiliza marudio kabla ya kusema lolote. Mkufunzi alikuwa akipita kati yetu na vikaratasi, anampa mrudiaji maelekezo ya siri abadilishe namba moja. Aliyeitikia "roger", yaani nimepokea, bila kugundua alipelekwa kusimama nje kwenye baridi ya Nairobi. Wiki ya kwanza tulisimama nje karibu darasa zima. Tulikuwa tunasikia agizo letu wenyewe likijirudia kichwani, hatumsikii mwenzetu. Kurudia ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuyasikiliza marudio kana kwamba hujui yatakuwa nini, na hiyo ndiyo ngumu.

Nilirudi nyumbani Jumuiya ikiwa imeanza kuyumba. Mwanzoni mwa 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikufa, mpaka wa Kenya ukafungwa, Machi tukapata Air Tanzania. Wiki zile zile za kugawana viti na vifaa, tarehe 27 Machi, zikaja habari za Tenerife. Jumbo mbili, ya KLM na ya Pan Am, ziligongana katika njia ya kurukia kwenye ukungu mzito. Walikufa watu 583, na hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi zaidi kabla wala baada yake.

Ripoti yake tuliisoma kwa penseli mkononi. Ndani yake mlikuwa na maneno yetu. Pan Am waliambiwa watoke kwenye njia ile kwa mchepuko wa tatu kushoto. Hawakuwa na hakika kama wamesikia "third" au "first", wakauliza, na mwongoza ndege akawahesabia: moja, mbili, tatu. Nililipigia mstari hilo kwa sababu katikati ya balaa lile kulikuwa na mtu aliyefanya inavyotakiwa. Kisha KLM wakasema wako "at take-off". Mnarani walielewa kwamba ndege iko mahali pake, tayari, inasubiri ruhusa. Rubani wake alikuwa ameshaachia breki. Mnara ukamwambia asubiri, na sekunde hizo hizo Pan Am wakasema bado wako njiani. Sauti mbili zilizopanda redioni pamoja zikawa filimbi moja kali, hakuna aliyezisikia sawasawa.

Tangu hapo neno "take-off" lilifungiwa. Halitamkwi ila wakati wa kutoa ruhusa ya kuruka au kuifuta. Mazungumzo mengine yote hutumia "departure", kuondoka. Kwa mara nyingine walioketi mezani kutunga kanuni hawakuwaambia marubani waongeze umakini. Waliliondoa neno kwenye midomo yao.

Usidhani mambo haya ni ya Jumbo na maelfu ya abiria tu. Miaka ya themanini nilikuwa katika kiwanja kimoja cha mikoani, mnara wake mfupi kuliko mwembe uliokuwa kando yake. Ndege ndogo ya injini mbili ilitua jioni, abiria watano au sita ndani, na rubani mgeni wa kiwanja. Alipofika mwisho wa njia akauliza, "Turn left?" Kijana niliyekuwa namfundisha alikuwa karibu na kipaza sauti kuliko mimi, na jibu lilikuwa ndiyo. Akabonyeza kitufe akasema, kwa Kiingereza chepesi cha mtu aliyesoma vizuri, "Right."

Ndege ikakata kulia. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, na upande ule hapakuwa na kitu ila majani na tope. Gurudumu la mbele likazama mpaka katikati. Zimamoto, karani wa mizigo na abiria wenyewe, mmoja akiwa na viatu vyake vya harusi mkononi, waliisukuma mpaka giza likaingia. Kijana alikuwa ananitazama akikaribia kulia. "Ndugu, mimi nilimwambia ndiyo tu," alisema. Nilimjibu, ni kweli, ndugu yangu, ulimwambia ndiyo. Hakuhitaji karipio. Kesho yake nilimkuta amebandika kikaratasi juu ya redio, kimeandikwa "CORRECT" kwa kalamu nyekundu.

Kisa cha mwisho kilitokea mbali na kwetu, na kinaniuma kwa sababu ya ile namba mbili ambayo haikuguswa. Tarehe 19 Februari 1989, Boeing 747 ya mizigo ya shirika la Kimarekani la Flying Tiger ilikuwa inatoka Singapore kwenda Kuala Lumpur. Uongozaji uliiagiza ishuke hadi futi 2,400, ukisema "descend two four zero zero". Rubani akasikia "descend to four zero zero", shuka hadi futi 400. Alijibu kwa ufupi, akitaja "four zero zero" tu, na hakuna aliyemrudisha. Ndege ikaingia ubavuni mwa kilima kabla ya kufika uwanjani, na watu wote wanne waliokuwamo wakafa.

Niliposoma habari ile niliona ubao wa Embakasi. Ilikuwa imepita karibu miaka kumi na mitano, na kosa lilikuwa lile lile: sikio limedaka mkia wa namba na kuachia kichwa. Nairobi kichwa kilimezwa na redio. Malaysia kilivaa vazi la neno jingine, namba ikageuka kihusishi, na sentensi iliyobaki ilikuwa Kiingereza kizuri kabisa kisicho na kasoro. Hapo ndipo ubaya wa maneno mapacha ulipo. Ukikosea kusikia neno la kawaida, mara nyingi sentensi inavunjika na wewe mwenyewe unashtuka. Pacha akiingia mahali pa pacha mwenzake, sentensi inasimama imara.

Baada ya hapo nilishuhudia lugha ya redio ikizidi kubanwa. Urefu wa kwenda juu ukaanza kutajwa kwa maelfu na mamia, "two thousand four hundred", badala ya namba moja moja. Waingereza waliweka desturi ya kutia neno "altitude" kati ya "to" na namba, ili viwili hivyo visigusane. Kwa tabaka la urukaji, "flight level", linaloitwa mia moja wakaamua kusema "one hundred", kwa kuwa "one zero zero" na "one one zero" zilikuwa zinapishana kwa unywele. Kila badiliko la namna hiyo lilipotufikia kwa waraka, vijana walilalamika kwamba wanaongezewa mambo ya kukariri. Mimi nilikuwa najiuliza nyuma ya sentensi ile kuna kilima gani.

Kuanzia Machi 2008 mtihani wa Kiingereza wenye madaraja sita ukawa wa lazima kwa marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa, na asiyefika daraja la nne haruhusiwi. Wengi Afrika waliona ni kikwazo kingine cha Wazungu. Nilikuwa karibu kustaafu, na nilichokipenda ni kwamba matakwa yale yanamhusu na mzawa wa Kiingereza. Naye anatakiwa aeleweke na wote, aache misemo ya mtaani kwao, apunguze kasi. Katika miaka yangu yote, waliotusumbua zaidi redioni hawakuwa Warusi wala Wahindi wala Waethiopia. Hao walisema polepole na walirudia kila kitu, kama sisi, kwa kuwa wote tulikuwa wageni wa lugha ile. Waliotusumbua walikuwa wale walioimiliki tangu tumboni, wanaosema harakaharaka wakiamini lugha yao itajibeba yenyewe.

Siku hizi naalikwa mara mojamoja kuzungumza na wanafunzi wa fani hii hapa Dar es Salaam. Wanakuja na orodha za maneno yanayofanana, wamezipata kwenye simu zao, wanataka niwaambie yapi wayakariri. Nawaambia wayajue yote, na wayajue kwa ajili ya kuyakwepa. Nawaambia pia jambo ambalo halimo katika orodha yoyote. Sisi tulifundishwa kwamba kumwambia mtu "sijakusikia, rudia" ni kujivua nguo. Mnarani ni kinyume. Asiyeuliza ndiye wa kuogopwa, na anayejifanya kasikia ni hatari kuliko asiyejua Kiingereza. Maneno mawili, "say again", yamefanya kazi kubwa kuliko kamusi zote nilizowahi kununua, na hayadai ufasaha wowote. Yanadai mtu aache kujali anaonekanaje.

Mara ya mwisho, binti mmoja wa safu ya mbele alinyoosha mkono. "Shikamoo mzee. Na rubani akikasirika ukimwambia arudie mara ya tatu?"

Nilimwambia amwache akasirike, ilimradi anakasirika akiwa hai. Kisha amwambie arudie mara ya nne.